Mtaji na Muhuri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ufisadi, Kampuni Kubwa na Madaraka

Maswali haya yametoka kwa watu wa Dar es Salaam: wenye maduka Kariakoo, madereva wa daladala za Gongo la Mboto, wanafunzi wa Mlimani, akina mama wa vikoba Mbagala. Nimeyaacha katika lugha ya waulizaji. Mifano ninayoitumia imepita bungeni, mahakamani au kwenye ripoti za serikali, kwa sababu jambo hili ni zito na uvumi hautatusaidia.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Ufisadi wa huko juu unanihusu nini?

Unaulipia kila unaponunua LUKU. Chukua IPTL, ile kampuni yenye mtambo wa megawati 100 pale Tegeta. Mkataba wake ulisainiwa mwaka 1995, nchi ikiwa imebanwa na mgawo wa umeme. Ukaitaka TANESCO ilipe kila mwezi gharama za mtambo kuwepo, uzalishe usizalishe. Ukiwashwa, mafuta yake yanalipiwa juu ya hapo. Mkataba wa namna hiyo mwenye mtambo hapotezi kitu hata jenereta likilala mwaka mzima.

TANESCO walipokuja kubaini kwamba huenda wanatozwa kupita kiasi, ukazuka mgogoro. Fedha zenye ubishi zikawekwa pembeni Benki Kuu, kwenye akaunti ambayo nchi nzima ilikuja kuijua kwa jina la Tegeta Escrow, zikisubiri pande mbili zikubaliane deni halali ni kiasi gani. Mwaka 2013 akaunti ile ikafunguliwa, na zaidi ya shilingi bilioni 300 zikaenda kwa kampuni iliyodai kuwa ndiyo mmiliki mpya wa IPTL. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ikaweka ripoti yake mezani. Tukasikia mgawo wa fedha hizo ulivyofika kwa wanasiasa, majaji na viongozi wa dini. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu Desemba, waziri wa ardhi akaondolewa mwezi huohuo, waziri wa nishati akajiuzulu Januari 2015. Mitaani tukabaki na msemo wa "hela ya mboga".

Sasa rudi dukani kwako. Fundi cherehani anayekushonea anatumia umeme. Kiwanda kinachochapa kitenge cha hapa nchini kinatumia umeme. Shirika la umeme likilemewa na mikataba mibovu, linafidia kwako na kwa wateja wako kwa bei na kwa giza. Hakuna aliyekuja kukuomba pesa mkononi, lakini umechangia.

Nani mwenye kosa zaidi, kampuni au viongozi?

Kampuni ina mtaji, muhuri haina. Kiongozi ana muhuri, na mtaji wa kumfikisha kwenye uchaguzi ujao hana. Kila mmoja ana kitu anachokitaka mwenzake, na ndiyo maana kuwalaumu upande mmoja tu ni kupoteza muda. Waliotunga methali ya "penye udhia penyeza rupia" walijua kwamba udhia nao huwekwa makusudi na mtu, ili rupia ipite.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni mkopo wa dola milioni 600 ambao serikali ilikopa mwaka 2013 kupitia Standard Bank ya London na Stanbic ya hapa Dar es Salaam. Mwanzo ada ilizungumzwa kuwa asilimia 1.4. Mambo yakasuasua. Ada ikapanda hadi asilimia 2.4, mambo yakaenda. Ile asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ikalipwa kampuni ndogo ya hapahapa mjini iliyoitwa EGMA, ambayo wachunguzi wa Uingereza hawakuona ushahidi kwamba ilifanya kazi yoyote kwenye mkopo ule. Mwenyekiti wake alikuwa Kamishna Mkuu wa TRA, mamlaka ya kukusanya kodi, akiwa bado ofisini. Pesa ilipoingia, sehemu kubwa ilitolewa taslimu ndani ya siku chache.

Fikiria dirisha la benki siku hizo: mamilioni ya dola yanahesabiwa noti kwa noti. Waliogutuka na kupiga kelele walikuwa wafanyakazi wa benki yenyewe, watu wa mishahara ya kawaida. Hao ndio ninaowakumbuka ninapoambiwa kwamba Watanzania wote tumeoza.

Mwaka 2015 Standard Bank ilifikia makubaliano na waendesha mashtaka wa Uingereza ikalipa zaidi ya dola milioni 30. Kati ya hizo milioni 7 zikaja Tanzania, yaani ile milioni 6 na riba yake. Angalia vizuri: benki ilipata biashara, mtu wa kati alipata asilimia moja, na mkopo umebaki kwetu.

Mtu alikuwa mwema mtaani kwetu, tukamchagua. Mbona ameharibika?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na huulizwa kwa uchungu. Wengi wanataka nijibu kwamba alikuwa mbaya tangu mwanzo na sisi hatukuona. Siamini hivyo.

Tazama anavyofika. Kampeni inataka magari, mafuta, fulana, mawakala wa kulipwa, chakula cha vijana. Mshahara wa mwalimu haufiki huko. Anatokea tajiri mmoja mwenye kiwanja chenye kesi au mwenye mzigo bandarini, anatoa gari mbili na bahasha. Haombi kitu siku hiyo. Ataomba baadaye, na ataomba kwa adabu sana. Akishashinda, wapiga kura nao wana orodha: ada, msiba, harusi, paa la msikiti, kwaya ya kanisa. Mbunge asiyechangia anaitwa bahili, na bahili harudi. Kwa hiyo mtu yuleyule mwema anajikuta kati ya tajiri anayemdai na jamaa wanaomdai, na katikati ya mikono yote hiyo ana kitu kimoja tu cha kuuza: uamuzi wake.

Sisi wapiga kura tumo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura "kwa nia njema". Mashirika ya haki za binadamu yakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Khanga na pilau hazikuisha kwa sababu ya sheria hizo, lakini angalau leo ni kosa, zamani zilikuwa haki ya mgombea.

Wazee wetu waliliona hili mapema. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Tunaweza kubishana kuhusu uchumi wa Ujamaa mpaka usiku wa manane, nami nina malalamiko yangu. Lakini miiko ile ilielewa jambo moja la msingi kuhusu binadamu: usimwache mtu aketi pande zote mbili za meza. Februari 1991, kwenye kikao cha chama kilichofanyika Zanzibar, miiko ikalegezwa. Tangu hapo waziri anaweza kuwa na hisa, na tunachomtaka ni kujaza tu fomu ya mali Sekretarieti ya Maadili kila mwisho wa mwaka. Nenda kaombe kuziona fomu hizo uone utakavyozungushwa.

Rushwa ya trafiki na ya waziri si ileile tu?

Kisheria zote ni makosa. Kwa chanzo zinatofautiana, na Tume ya Warioba, ile iliyochunguza rushwa nchini, ilishatueleza mwaka 1996: kuna anayekula kwa sababu mshahara hautoshi, na kuna anayekula kwa tamaa akiwa ameshashiba.

Ila zimefungamana. Simama Buguruni saa moja asubuhi. Daladala imesimamishwa, konda anateremka na leseni, ndani yake kuna noti iliyokunjwa. Dereva halalamiki kwa sababu ana hesabu ya tajiri, na kila dakika anayosimama anapitwa na abiria. Gari kweli ina tairi kipara. Noti imelipwa, gari imeondoka na tairi lilelile na abiria walewale. Abiria hawakuulizwa, ila roho zao ndizo zilizouzwa kwa elfu mbili. Mwenye gari naye amejifunza kwamba noti ni nafuu kuliko tairi. Mwenye ghorofa anajifunza vivyo hivyo, kwa bei kubwa zaidi.

Umetaja ghorofa. Majengo yanayoanguka nayo ni ufisadi?

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka likaua watu 36. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10, na jengo lilikuwa limefika 16. Ghorofa sita haziongezwi usiku mmoja. Kila zege lilipomwagwa, mashine ya kuchanganyia ilinguruma barabarani, katikati ya mji, hatua chache kutoka ofisi za serikali. Kuna watu ambao kazi yao ni kufika pale na karatasi ya kibali na kuhesabu sakafu. Kuhesabu mpaka kumi na sita hakuhitaji digrii ya uhandisi.

Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, Jumamosi asubuhi, watu wakiwa madukani. Kwa siku kadhaa tulikuwa tunawasikia walionaswa chini wakiongea kwa simu na ndugu zao. Kila mwenye duka kwenye ghorofa za Kariakoo anastahili kuonyeshwa kibali cha jengo analolipia kodi. Ombeni. Ombeni mkiwa wengi.

Tuna TAKUKURU, tuna CAG, tuna Bunge. Kwa nini wizi hauzuiliki?

Kwa sababu mkaguzi hupewa kazi, na anaweza kunyang'anywa kazi, na wale anaowakagua au marafiki zao. Angalia mambo mawili.

La kwanza ni Richmond. Mwaka 2006, kwenye ukame na mgawo mkali, kampuni isiyo na uwezo ilipewa mkataba wa kuleta umeme wa dharura. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, walichunguza wakasema hawakuona rushwa. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikachunguza jambo lilelile, ikaona yaliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008 pamoja na mawaziri wawili. Tofauti ya majibu hayo mawili inatokana na nani anamwogopa nani. Mkurugenzi Mkuu wa TAKUKURU huteuliwa na Rais. Wajumbe wa kamati walikuwa wanatazamwa na nchi nzima kwenye televisheni.

La pili ni Profesa Mussa Assad. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) ana ulinzi wa Katiba, ibara ya 143 na ya 144, ili asiogope mtu. Desemba 2018 alisema kwamba ripoti zake kutofanyiwa kazi kunaonyesha udhaifu wa Bunge. Akaitwa kuhojiwa. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo nafasi yake ikapewa mwingine. Mahakama Kuu ikaja kusema, Desemba 2022, kwamba kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Haki ilipatikana, lakini kiti kilikuwa na mtu mwingine kwa miaka mitatu. Mkaguzi anayefuata ameshaona.

Kwani kuna mkubwa aliyewahi kufungwa?

Wapo, wachache. Basil Mramba na Daniel Yona, mawaziri wa zamani, walitiwa hatiani mwaka 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka katika suala la kampuni ya ukaguzi wa dhahabu. Sehemu ya kifungo ikabadilishwa kuwa huduma kwa jamii, na mwaka 2016 watu wa Sinza wakawaona wakifanya usafi hospitalini Palestina. Wengine walicheka. Mimi niliona ni moja ya siku chache ambapo sheria ilitembea kwa miguu mtaani kwetu.

Lakini weka pembeni yake ile ya EPA, akaunti ya Benki Kuu ya kulipia madeni ya nje. Mwaka wa fedha 2005/06 shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu kwenda kwa kampuni 22, kwa nyaraka nyingi za kughushi. Gavana akaondolewa Januari 2008. Kisha waliochukua wakapewa tarehe ya mwisho ya kurudisha, na waliorudisha hawakupelekwa mahakamani. Mwizi wa kuku Manzese hajawahi kupewa tarehe ya mwisho ya kurudisha kuku.

Kampuni za nje ndizo zinazotuharibia?

Zinashiriki, na kwao hupona kwa urahisi. Rada ya kuongozea ndege tuliinunua kwa BAE Systems kwa takriban pauni milioni 28, na hata ndani ya serikali ya Uingereza kuna waziri, Clare Short, aliyeipinga. Mwaka 2010 kampuni ilikiri kosa moja: kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Hapakuwa na neno rushwa kwenye kukiri huko. Ikalipa, na pauni milioni 29.5 zikaja kununulia vitabu na madawati. Tukaita chenji ya rada. Watoto walikaa kwenye madawati, hilo ni jema, lakini hakuna mkurugenzi aliyekaa jela.

Wajanja hawana pasipoti moja. Msumbiji ilitwishwa madeni ya siri ya takriban dola bilioni 2 kwa jina la meli za uvuvi wa jodari, na moja ya benki zilizohusika, Credit Suisse, ilikuwa ya Uswisi. Waliosaini upande wa pili walikuwa Wasumbiji.

Basi tunahitaji rais mkali tu, si ndiyo?

Tulikuwa naye, John Magufuli. Baada ya 2015 watu walifika kazini saa mbili kamili, makontena yaliyopita bandarini bila kodi yakafuatiliwa, na Machi 2017 makinikia, yaani mchanga wenye madini, yakazuiwa kusafirishwa nje. Barrick, kampuni ya migodi ya dhahabu, wakaja mezani. Ikaundwa Twiga Minerals ambamo serikali ina asilimia 16, na malipo ya dola milioni 300 yakakubaliwa. Sitayadharau hayo, na wanaoyadharau hawakuwa kwenye foleni za ofisi za umma kabla yake.

Ila ukali ule ulikaa ndani ya mtu mmoja. Katika miaka hiyohiyo CAG aliondolewa, na mwaka 2018 sheria ya takwimu ikabadilishwa hata kupinga takwimu za serikali kukawa kosa, mpaka ikarekebishwa mwaka uliofuata. Ukimpa mtu mmoja nguvu za kuwakamata wezi wote, umempa pia nguvu za kuamua nani asikamatwe. Akiondoka, nguvu inabaki kitini ikimsubiri mwingine, awe mwema au mwovu. Mimi nachagua mkaguzi asiyefukuzika kuliko bwana mkubwa asiyeulizwa, hata kama huyo bwana nampenda.

Kwa nini mikataba ni siri?

Tunaambiwa ni kulinda biashara. Wakati wa mjadala wa bandari na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, mwaka 2023, makubaliano ya nchi na nchi yalipovuja, mama muuza maandazi Temeke alikuwa anataja vifungu kwa namba. Wengine walikosea tafsiri, kweli. Lakini waliosoma waliuliza maswali, na serikali ikalazimika kujibu kwa kirefu kuliko ilivyokusudia. Sheria ya uwazi kwenye madini, mafuta na gesi ya mwaka 2015 inataka mikataba iwekwe hadharani. Tudai itekelezwe, na kanuni hiyohiyo ifike kwenye umeme na bandari.

Dini na malezi haviwezi kutusaidia?

Vinasaidia. Kila mwanachama wa TANU aliahidi: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Waliokula walikuwa wameiapa. Malezi yaendelee, na milango ifungwe.

Nikiombwa rushwa leo, nifanye nini?

Kwanza ujue kwamba kwa sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 anayetoa naye ni mkosaji, kwa hiyo nenda kabla hujatoa pesa. Piga 113, ni bure, au fika ofisi ya TAKUKURU ya wilaya yako. Wakiamua kuweka mtego, fedha za mtego huzishughulikia wao.

Andika tarehe, saa, dirisha au namba ya chumba, na maneno aliyotumia kama alivyoyasema. Kama ameandika ujumbe kwenye simu, usiufute. Malipo ya serikali hulipwa kwa namba maalum ya malipo inayotolewa na mfumo. Ukipewa namba ya simu ya mtu, hiyo tayari ni taarifa ya kupeleka.

Anayekutaka kimwili ili akupe kazi, alama za mtihani au huduma anatenda kosa lilelile, kifungu cha 25 cha sheria hiyo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla ya kwenda kuripoti, na muende wawili.

Kama wewe ni mfanyakazi na umeona nyaraka, ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Isome na mwanasheria kabla hujachukua karatasi yoyote ofisini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi za msaada wa sheria hapa Dar es Salaam, na msaada huo haulipiwi.